Neno la Kwanza kwenye Vibao vya Magari

Raya mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Umeondoka baada ya adhuhuri na baba yako kwenda Fanja kumuaga bibi yako mzaa baba, na umeondoka bila ya kunitazama. Nguo ulizofua asubuhi bado ziko kwenye kamba. Kesho uwanja wa ndege, halafu Marekani. Mie nimekaa jikoni, nimesukuma sahani ya tende pembeni, nakuandikia kwa sababu wiki nzima hii mimi na wewe tunapitana humu ndani tu, hakuna anayesema na mwenziwe.

Sitakwambia habari ya koti, wala dawa ya kifua, wala usimfungulie mlango mtu usiyemjua. Hayo umeshaambiwa na kila mwanamke wa mtaa wetu hapa Ibra, na wengine wao hata Salala ya nchi yetu hii hawajafika. Mie nataka turudi pale pale tulipogombania, kwenye majina ya majimbo ya Marekani. Najua ukifika hapa utavuta pumzi useme, "Mama, khalas, yaishe." Si khalas. Soma.

Tulianza vizuri, unakumbuka? Ijumaa ile ulipopata majibu ya vyuo viwili, kimoja Connecticut na kimoja New Hampshire, ulikaa kwenye kiti hiki hiki, simu mkononi, chai inapoa, ukagundua kwamba kila jimbo kule lina kaulimbiu yake. Baba yako akasema kwa Kiarabu hiyo ni shiari. Mie nikasema ni jina, kama jina la kanga. Ukacheka ukasema, "Mama, wewe kila kitu kanga." Ndiyo. Sisi tuliolelewa na wanawake wa Unguja tunajua kwamba kitambaa kinasema. Mtu hanunui kanga kwa rangi tu. Anaikunjua dukani, anasoma jina, kisha ndio anauliza bei. Basi wewe ukawa unatusomea majimbo moja moja, unatafsiri kwa Kiarabu na kwa hicho Kiswahili chako cha kuokoteza, na sisi wawili tunatoa hukumu.

Montana ulipotusomea, "Dhahabu na fedha", nikasema hilo si jina, hicho ni kibao cha duka la sonara pale sokoni Nizwa. Texas wana neno moja tu, "Urafiki". Nikasema huyo ni mtu aliyeandikiwa ujumbe mrefu wa machozi, akajibu "sawa". Indiana wanajiita njia panda ya Amerika, na baba yako akasema basi na Bidbid ipewe jimbo, maana nani anakwenda Bidbid, watu wote wanapita, huyu anakata njia ya Nizwa, huyu anakata ya Sur. West Virginia wakasema watu wa milimani daima ni huru. Baba yako akauliza hao watu wa mlima wetu wa Jabal Akhdar nani kawapeleka huko. Na lile jimbo la Washington, ambalo neno lake kwa lugha ya wenyeji maana yake ni kama "iko siku", nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikakwambia hilo apewe baba yako alibandike juu ya bomba hili la jikoni, linavuja tangu Ramadhani na kila siku ananambia bukra, kesho. Linavuja hata sasa ninavyoandika.

Maryland walinipandisha hasira. "Matendo ya kiume, maneno ya kike." Nikauliza, na nyumba hii nani anaiendesha, na kwa maneno? Baba yako akainama akaanza kuchagua tende.

Yalikuwepo na mazuri, na sikuyanyima haki yake. Carolina ya Kaskazini wanasema mtu awe, asijionyeshe kuwa. Nikasema hilo lisomwe kwenye kumbi za harusi za Maskati kabla watu hawajaletewa chakula. Carolina ya Kusini wanasema, "Maadam napumua, natumai." Wewe ulisema la huzuni hilo. Mie nikaliona la mtu aliyebanwa hasa, kwani mtu mwenye nafasi hana haja ya kukwambia kwamba anapumua. Michigan nao wana maneno marefu, kwamba ukitafuta rasi ya kupendeza, basi tazama hapo ulipo. Nikalirukia hilo. Nikakwambia, "Raya, na sisi tumo kwenye rasi, tena kubwa kuliko yao, kutoka Yemen mpaka Kuwait. Basi tazama hapo ulipo." Ukacheka. Ulidhani nafanya mzaha, na mie nikakuachia udhani.

Halafu ukasoma Connecticut, "Aliyeuhamisha mche ndiye anayeutunza." Unajua mwenyewe hapa kwetu mtende haupandwi kwa kokwa. Unachukuliwa mtoto pembeni ya mama yake, unakatwa kwa chuma, unapelekwa shamba jingine, na wiki za mwanzo usipopewa maji kila siku, umekwisha. Babu yako wa Fanja alikuwa hasafiri mwezi huo hata kwa harusi. Na mie ni mtoto wa mche uliohamishwa. Bibi yako, mama yangu, alitoka Unguja na mjomba wako Khalfan ubavuni, akaja kukaa Ibra katika nchi ya mume wake, anaambiwa hapa ndipo kwao, na akifungua mdomo wanawake kisimani wanaficha midomo kwa shela wakicheka Kiarabu chake. Mie nilizaliwa hapa. Nimemwona alivyokuwa anashika maisha kwa mikono miwili. Basi uliposoma jina lile nikasema khalas, hili ndilo, mtoto aende huku. Ukashangaa. "Mama, unachagua chuo kwa shiari?"

Nikakujibu vibaya. Nilitakiwa nikwambie, mwanangu, sina kingine cha kuchagulia. Baridi yao siijui, watu wao siwajui, hicho unachokwenda kusoma, maji ya chini ya ardhi, nakielewa nusu. Ulipokuwa unasoma Nizwa, nilikuwa najua hata duka unalonunua mkate. Huko nimepewa maneno matatu manne tu kwa kila jimbo, na mie nimeyashika kwa meno.

Mwisho ukasoma New Hampshire. Ulisimama kabisa, nakuona. "Ishi huru au ufe." Ukasema, "Mama, wallahi, hii jina bora kuliko yote."

Nikasema ni baya kuliko yote, na leo bado nasema. Ila siku ile sikueleza, nilipiga kelele tu. Sasa nieleze. Jina zuri humwachia mtu pa kukaa. Hili limeweka viti viwili, kimoja cha aliye huru na kimoja cha maiti. Mie nikae wapi? Sijawa huru tangu siku uliyozaliwa. Sijalala usingizi wa moja kwa moja, sijasafiri bila ya kufikiri nani atakupa chakula, sijawahi kuudhika na baba yako nikaondoka tu, na sikufa. Nimeishi hapo katikati, na ndiyo miaka mizuri niliyopewa. Maneno yale ni ya askari, na askari aseme, ndiyo kazi yake. Lakini kumpokea nayo mtoto wa watu anayekuja kusoma, tena kwenye kila kibao cha nambari ya gari, kama ulivyonionyesha kwenye simu kwa furaha! Kila gari itakayokupita barabarani itakuwa inakutajia kufa. Wewe ulionyeshwa neno "huru" ukaona hilo. Mie niliona la mwisho.

Na ukachagua huko. Walimu wako wa Nizwa walisema ndiko wanakosoma maji vizuri zaidi, na baba yako akasema wana haki, na nadhani kweli wana haki. Mie nilikuwa sina hoja, nikabaki na ubishi.

Ukaona nilivyofanya. Nikaweka lile la Connecticut kwenye status yangu ya WhatsApp, na maua. Siku ya pili lile la Carolina, la mtu anayepumua. Siku ya tatu lile la Michigan. Shoga yangu Bi Shamsa akanipigia kutoka Sur, "Mwenzangu, unamsema nani? Wifi yako kakuudhi?" Maana wanawake wa umri wetu wakiona maneno yametundikwa, wanajua kuna mtu anapigwa kijembe. Nikamwambia napenda tu maneno. Wewe uliyaona yote matatu, na uliyafahamu, na siku ya nne ukaja hapa jikoni ukaniuliza, "Mama, kwa nini hutaki nifurahi?"

Na mie badala ya kukujibu nikasema, "Nenda basi. Ishi huru." Kwa sauti ile unayoijua.

Tangu hapo hatujasema. Unasema na baba yako, baba yako anasema na mie, kama mkalimani. Jana kaniuliza kwa niaba yako kama vikombe vyekundu ni vya kwenda navyo. Nikamwambia mwambie achukue. Ulikuwa umesimama nyuma yake.

Sasa nikwambie khabari ya mjomba wako Khalfan, ambayo wewe unaijua kwa nje tu. Unajua alikwenda Ulaya kusoma akabaki, akaoa, anapiga simu sikukuu mbili, na watoto wake hawatujui. Hujui siku aliyoondoka ilikuwaje.

Mie nilikuwa msichana wa skuli. Tulikwenda wote kumsindikiza, tumebanana kwenye gari ya jirani, na bibi yako tangu Ibra mpaka uwanja wa ndege hakusema neno. Alikuwa amevaa buibui, na ndani amejitanda kanga mpya, aliyoagizia Unguja kwa mtu, akaingoja miezi. Mie nilikuwa nimeshalisoma jina usiku alipokuwa anaipiga pasi. Lilikuwa linamwomba mtu asikawie, kwa maneno mazuri sana, ya unyenyekevu, ambayo yeye kwa mdomo wake asingeyasema hata akatwe. Pale mlangoni, Khalfan alipoinama kumbusu mkono, akalifungua buibui makusudi, kwa mikono miwili, akasimama hivyo. Ili asome. Alikuwa analia na kasimama buibui wazi kama mtu anayepimwa nguo. Khalfan akambusu kichwa, akasema, "Mama, jifunike, kuna baridi ya mashine humu." Akaingia ndani.

Hakusoma. Hata hakujua kwamba kuna cha kusoma. Kakulia hapa Ibra na wavulana wa hapa, nguo ya mwanamke kwake ni nguo. Hakuna aliyemfundisha kwamba mama yake anasemea huko. Na bibi yako akarudi nyumbani ameridhika, unajua? Akasema, "Nimeshamwambia." Miaka yote akangoja mtu ambaye anadhani kamwambia.

Khalfan alikuja kwenye msiba wa bibi yako. Ulikuwa mdogo, unakumbuka chokoleti tu. Tulipokuwa tunagawa nguo za marehemu akaikuta kanga ile, imekunjwa peke yake, akanambia, "Hii nakumbuka alivaa siku ile." Nikamwambia, "Isome." Kaikunjua, kasoma kwa shida, herufi moja moja, kisha akaisoma tena. Akaniuliza, "Hili lilikuwa langu?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa chini palepale kwenye mkeka, mtu mzima na mvi zake. Akasema, "Mie nilidhani mnaona fahari nikiwa kule. Hakuna hata mmoja wenu aliyenambia nirudi." Na ni kweli, hakuna aliyemwambia. Ile kanga akaondoka nayo.

Raya, nimekaa hapa na matone ya bomba hili, nimeliona jambo ambalo nilitakiwa nilione Ijumaa ile. Mie siwachukii watu wa New Hampshire. Sina ugomvi na Montana wala na Maryland. Nimebishana na wewe majimbo mazima ya Marekani, nimepanga lipi zuri na lipi baya, nimeyatundika kwenye simu watu wa Sur wakayaona, na yote ilikuwa ni kufungua buibui. Nilikuwa nimesimama mbele yako nimelifungua, nangoja usome. Na wewe ulichosoma ni kwamba mama yako hataki ufurahi. Hukukosea. Ndivyo nilivyoandika.

Leo nilifungua sanduku la bibi yako kutafuta kanga ya kukutilia kwenye begi. Nimezikunjua zote kitandani. Kuna za kusuta, kuna za mapenzi, kuna za kumshukuru Mungu, kuna moja ya kumpiga wifi ambayo sijui aliinunua kwa nani. Sikuona hata moja yenye ninalotaka. Nimechukua ile ya njano na nyeusi, laini, aliyokuwa akilalia. Nimechukua mkasi nikakata ule ukanda wenye jina, nikapinda upindo kwa mashine. Imekuwa fupi kidogo na ukiitandika utaona mchoro umekwenda upande. Hiyo iko chini ya sweta zako. Usitafute imeandikwa nini. Haisemi kitu, ni ya kujifunika tu.

Kwa sababu ninalotaka nalisema hapa. Nataka urudi. Soma umalize, usome maji yote ya chini ya ardhi yao, halafu urudi. Sitaki uje kwa sikukuu tu, na sitaki uje msibani. Naogopa. Usiku naamka naona begi lako pale ukumbini nasema labda nilifungue nilitoe kila kitu, na hata juzi nilifika mpaka kwenye zipu. Mungu ananijua. Kama ningekuwa na hila moja imebaki ya kukuzuia ningeitumia, na ningekuwa nimekosea. Kwa hivyo nenda. Nayasema yote mawili, na najua hayakai pamoja, lakini ndivyo yalivyo ndani yangu.

Na kama itafika siku ukaona huko ndipo pako, usiniachie nikisie kwenye simu za sikukuu. Nambie mwenyewe, kwa neno lililo wazi, hata likiniua. Nilivyoona mie, lililosemwa mtu hulia, hulala, akaamka akapika. Lile ambalo bibi yako alidhani kalisema ndilo lililomkalia mpaka mwisho wake, na mjomba wako bado limemkalia.

Kuhusu hukumu yetu ya majimbo, nimeibadilisha kidogo. Bado la New Hampshire ni la mwisho kwangu, sitoki hapo. Lakini kwa kuwa utaliona kila siku, kwenye kila gari inayokupita, kwenye theluji na kwenye jua, tufanye hivi. Soma neno la kwanza tu. "Ishi." Hapo simama, usiendelee. Mengine ni yao na vita vyao. Hilo la kwanza nimelichukua mie, ni langu, liko huko linakungoja kabla hujafika. Siku utakayokuwa umechoka, umefeli mtihani, hakuna aliyekusalimu tangu asubuhi, toka nje usimame kando ya barabara. Watu wenyewe wanaendesha magari yao hawajui, lakini gari baada ya gari itakuwa mama yako anakwambia, ishi, ishi, ishi.

Nimesoma nilichoandika toka mwanzo, na nimeona kosa jingine. Nilikusudia kuitia barua hii kwenye begi, chini ya kanga, uikute huko huko. Yaani nimekata jina la kanga kwa mkasi, kisha nikakaa nikakuandikia jina refu zaidi. Kumbe bado niko pale pale mlangoni na buibui wazi.

Maghrib imeshaadhiniwa. Nasikia lango. Hiyo ni gari ya baba yako, naijua kwa ile feni yake inayopiga kelele, na hiyo ni sauti yako, unamwambia asiizime taa mpaka utoe vitu vya bibi wa Fanja. Barua itabaki hapa mezani, ukitaka utaichukua. Mie naweka kalamu, natoka nje, hata kama baba yako anasikia, hata kama jirani wanasikia, kukwambia kwa mdomo wangu lile neno moja, urudi.

Mama yako